Mwanangu, Tromboni Haina Alama

Mwanangu mpenzi,

Umeniandikia kwamba siku ya kwanza tromboni ilitoa upepo mtupu. Usivunjike moyo. Sauti haizaliwi kwenye shaba, inazaliwa midomoni mwako. Ifumbe kama unayesema "mmm", kaza pembe zake, kisha sukuma pumzi katikati mpaka itetemeke kama nyuki aliyefungiwa chupani. Anza na kile kikombe cha kupulizia peke yake. Mashavu yasivimbe.

Sasa slaidi, lile bomba la kuvuta na kurudisha, maana ndiyo iliyoniteka mimi. Mwenzako wa tarumbeta anabonyeza vali, vile vitufe vyake; wewe unarefusha bomba kwa mkono. Tromboni ya tenor, ile ya kawaida, ina bomba la kama mita 2.7, na slaidi ina nafasi saba, kila moja ikishusha sauti nusu toni. Ya kwanza, slaidi imerudi ndani yote. Ya tatu, mkono haujafika kwenye ule mdomo mpana wa tromboni unapotokea sauti. Ya nne, umeupita kidogo. Ya saba inavuta mpaka bega, nawe mkono wako bado mfupi, basi iache kwanza. Tena nafasi hizo hazilingani: kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana.

Na hakuna alama hata moja iliyochorwa pale. Ukikosea kwa upana wa kidole, noti imeharibika. Kwa hiyo imba kabla ya kupuliza. Imba do, itafute. Halafu, bila kusogeza slaidi, kaza midomo upate so, kisha do ya juu, kisha mi. Zote zimo kwenye nafasi ya kwanza! Nilipogundua hilo nilirudia jioni nzima.

Ukiunganisha noti, ulimi useme "du" taratibu kila mara slaidi inapohama, la sivyo sauti itaburuzika.

Slaidi usiigongeshe popote. Kibonyeo kidogo tu, nayo inakwama. Ukimaliza, mwaga maji ya pumzi.

Katika simfoni ya 5, utungo mrefu wa okestra wa mtunzi Beethoven, ya mwaka 1808, wapiga tromboni hukaa kimya sehemu tatu nzima, wakaingia ya nne. Isikilize, uwasubiri pamoja nao.

Jumamosi nipigie simu, uiweke mezani, unipigie do, so, do. Nisikukatize, wewe mwenyewe uniambie ipi imeshuka.

Mama yako