Mbwa mwenye kupe apimwe damu

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, hasa katika komini za Katuba na Kenya, mbwa mlinzi akilegea na kuacha kula, wengi husema jirani amemlisha sumu, na ugomvi huanza kabla mtu hajamfunua mdomo kutazama fizi. Fizi zilizopauka pamoja na mkojo wa rangi ya kahawa humfanya mganga wa wanyama afikirie kwanza babesia, kimelea kinacholetwa na kupe, ambacho huingia katika chembe nyekundu za damu, kikazaliana humo na kuzipasua, huku kinga ya mwili yenyewe ikiharibu hata chembe zisizoambukizwa.

Uboho wenye afya, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, huchukua siku 3 hadi 5 kuitikia upungufu huo wa chembe nyekundu kwa kumwaga chembe changa katika damu. Zisipoonekana baada ya hapo, ifikiriwe pia ehrlichia, ambayo kwa kweli ni bakteria, lakini huenezwa na kupe yuleyule wa kahawia. Ikikaa mwilini kwa miezi, huweza kuudhoofisha uboho hadi chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu zikapungua zote, na hapo mbwa hutoka damu puani bila kupigwa.

Darubini inayotumika kutafuta malaria inatosha kuonyesha babesia katika tone la damu ya sikio. Kwa nini basi tunauziwa sindano za vitamini bila kipimo chochote? Nawaomba waganga wetu waanzie hapo, na wenye mbwa wazibe nyufa za kuta za banda, kwani kupe hutagia humo.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi