Vijana, acheni kukata springi za gari zenu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na vijana wenzangu wenye hizi gari za spoti za zamani, Altezza, Celica, Mark II na nyinginezo, maana naona mchezo wa kushusha gari kwa hela ndogo umeshika kasi sana mtaani na wengi tunaufanya kwa njia ambayo siku moja itatuua, na hili nalisema nikiwa nimenusurika mwenyewe.

Mi ninayo Altezza RS200 ya mwaka 1999, nilinunua kwa binamu yangu kwa kulipa kidogo kidogo. Ni gari ninayoipenda kutoka moyoni. Injini ni ile 3S-GE Beams, farasi 210, gia sita za mkono, na wanaoijua wanajua kwamba Toyota walipoitoa Oktoba 1998 ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka kule Japani msimu uleule. Sasa shida yake ni moja tu, ikitoka kiwandani imekaa juu kidogo, kati ya tairi na madigadi kuna pengo la ngumi nzima, na ukishaona za wenzako zimekaa chini zimetulia, usingizi haupatikani. Nikaulizia bei ya springi fupi mpya za kampuni kama TEIN au RS-R, nikaona mshahara wangu hauwezi. Ndo nikaambiwa kuna fundi anakata, elfu 70 miguu yote minne, unaenda asubuhi mchana unaondoka na gari yako.

Nikaenda. Fundi alikuwa mkarimu na anafanya kazi haraka, siwezi kumsema vibaya kwa tabia yake. Akapandisha gari kwenye stendi, akatoa shokapu na springi, akabana springi chini kwa mguu wake na kuwasha grenda, cheche zikaruka hadi barabarani, mbele akakata mzunguko mmoja, nyuma mmoja na nusu. Hakupima popote, aliangalia kwa macho tu. Saa saba mchana gari ilikuwa chini na mi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea, nikaipiga picha kila upande nikawarushia washkaji.

Furaha ikaanza kupungua wiki ileile. Gari ikawa inaruka ruka, yani ukipita kwenye rasta inaendelea kunesa mita kadhaa mbele kama boti, alafu ukishuka kwenye lami kuingia vumbi unasikia kako! kako! upande wa mbele kushoto. Fundi akasema itazoea. Miezi minne baadae nilikuwa namtoa mama Morogoro kumleta Dar, tumeshapita Chalinze vizuri, tunakaribia Mlandizi, spidi kama 80, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Gari ilivuta kushoto, ikavuta kulia kwenye njia ya wanaokuja, Mungu akasaidia hapakuwa na lori, nikaishika hadi ikasimama pembeni kwenye majani. Mama hakusema kitu, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na mkufu wake umekatika sijui ulikatikaje.

Naomba msomaji usome hapa taratibu. Tairi ile kwa nje ilikuwa nzima. Ukiinama ukaiangalia ilivyo kwenye gari unaona mistari yote, ungesema ina mwaka mwingine mbele. Fundi wa pancha wa Mlandizi aliitoa akailaza chini, akapitisha kiganja upande wa ndani, ule unaotazamana na uvungu, akatoa mkono haraka maana waya zilimchoma. Ukanda wa vidole vitatu hivi ulikuwa kipara kabisa, raba imeisha, kitambaa kimechakaa, nyuzi za chuma zimesimama kama miiba. Akaniambia nikaangalie na ya kulia. Nikalala chini kwa tochi ya simu. Nayo ilikuwa hivyohivyo, kwahiyo kutoka Morogoro tulikuwa tunatembelea tairi mbili zilizokufa na sijui.

Kilichotokea ni hivi. Altezza mbele na nyuma kila mguu una kontroo amu, yani vile vyuma vinavyoushikilia mguu wa tairi kwenye bodi, ya juu na ya chini, na ukiishusha hizo amu zinabadili mlalo, juu ya tairi panaingia ndani na chini panatoka nje, kwahiyo gari inakanyaga kwa ukingo wa ndani. Hilo peke yake linakula tairi polepole. Kinachoimaliza haraka ni tairi mbili kuacha kutazama mbele sawasawa, moja inaelekea huku nyingine kule, zinaburutwa kwenye lami kila mita unayotembea, na hiyo nayo inabadilika ukishusha. Dawa yake ni wili alaimenti, yani kupima na kurekebisha mlalo na mwelekeo wa tairi, siku ileile unapotoka gereji, na mi hakuna aliyeniambia na mwenyewe sikuuliza, niliona kulipa tena elfu 40 ni kupoteza hela.

Alafu springi yenyewe. Watu wanadhani ukiikata inakuwa fupi tu. Inakuwa fupi na inakuwa ngumu pia. Kama ina mizunguko sita inayofanya kazi ukaondoa mmoja, mitano iliyobaki inabeba uzito uleule, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kutuliza springi ya ugumu wa kiwandani, sasa umeipa springi ngumu kuliko uwezo wake, haiwezi kuituliza, ndo kule kunesa kama boti. Na kwa vile gari imeshuka, shokapu haina tena nafasi ya kuingia, inagonga ile raba ya ndani, bampu stopa, kila ukikutana na shimo. Ya kwangu ya mbele kushoto ilipofunguliwa ilikuwa imelowa mafuta hadi chini. Ile sauti ya kako kako nayo ikajulikana: tairi ikining'inia, springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko shokapu iliyonyooka, inalegea, inazunguka kwenye kikalio chake, na ncha yenye makali ya grenda ilikuwa imechimba kikalio mpaka pamekuwa na mtaro.

Kuna wanaosema basi usikate, ichome kwa gesi ishuke yenyewe. Ndugu zangu hiyo ni mbaya zaidi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto lililopimwa ili kiwe kinarudi kila kinapobonyezwa, ukikipiga moto hadi kikawa chekundu umekiondolea huo uwezo palepale ulipopachoma, kitaendelea kushuka upande mmoja kuliko mwingine, na siku kitakatika. Springi iliyochomwa haina kipimo, hata huyo aliyeichoma hajui itakaa wapi kesho.

Sasa hela ndogo ufanyeje? Maana najua kumwambia kijana asishushe gari ni kazi bure, na mi mwenyewe yangu sa hivi iko chini na nzuri kuliko mwanzo.

Kwanza nilikaa miezi mitano na springi za kawaida huku naweka hela. Alafu nikawa naenda Gerezani pale Kariakoo kila Jumamosi, kwa wanaouza spea zilizotumika kutoka Japani, natafuta springi fupi za kampuni, zile ambazo wajapani wenyewe walifunga. Utazijua kwa rangi na kwa maandishi yaliyochapwa kwenye chuma, lakini usiamini rangi peke yake maana rangi inapulizwa hata hapa. Nenda na futi. Zisimamishe mbili za mbele pamoja sakafuni uone kama zinalingana urefu, na mbili za nyuma hivyohivyo, mi nilikuta seti moja ya nyuma inapishana sentimita nzima nikaiacha. Angalia ncha, ncha ya kiwandani imemalizwa vizuri, iliyokatwa ina alama ya grenda. Pitisha kidole kutafuta kutu iliyochimba, kutu ya juu juu haina neno, ila yenye vishimo ndo springi inapoanzia kukatika. Yule mzee wa duka alinishangaa kuona napima kama fundi cherehani lakini mwisho akanisaidia mwenyewe kutafuta, nikapata seti kamili kwa 280,000.

Koilova zilizotumika nazo zipo, yani shokapu na springi zilizofungwa pamoja kwenye bomba lenye uzi, na vijana wanazikimbilia kwa sababu unaweza kuzungusha ukachagua urefu. Kuwa makini. Gari nyingi za Japani zimeishi sehemu za theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, uzi wa koilova unashikana kwa kutu mpaka hauzunguki tena, na shokapu yake ikishavuja huku kwetu ni vigumu kupata wa kuifumua na kuijaza upya. Kama hazizunguki kwa mkono pale dukani, ziache hata kama bei inavutia.

Hela kubwa weka kwenye shokapu. Nilinunua nne mpya za KYB za Altezza, 480,000, na huu ndo uamuzi ninaoutetea kuliko yote kwenye hii barua. Springi nzuri juu ya shokapu iliyochoka bado inanesa. Nikaongeza bushi za kontroo amu za chini za mbele 90,000 maana zilikuwa zimechanika.

Na hapo kwenye bushi kuna kitu hakina gharama hata shilingi. Bushi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, haizunguki, inajinyonga. Fundi akikaza bolti za amu gari ikiwa juu ya stendi tairi zinaning'inia, ukishusha gari chini ile raba tayari imenyongwa na inakaa hivyo siku zote, ndani ya muda mfupi inachanika, na gari haikai urefu wake sawasawa. Bolti zibane kwa mkono tu, shusha gari ikanyage kwa uzito wake, itikise, ndo ukaze kabisa. Na kabla hujaanza kazi pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kila upande uandike, usipime kutoka chini ardhini maana upepo wa tairi unadanganya.

Ufundi ulikuwa 100,000 na wili alaimenti 40,000. Jumla 990,000, kwa awamu. Njia ya kukata ya elfu 70 ilinigharimu tairi mbili 340,000, shokapu mbili zilizokufa 240,000 na gari la kunivuta kutoka Mlandizi 150,000, ukijumlisha na ile elfu 70 ni laki nane kamili na nilibaki sina kitu cha maana mkononi. Kama sa hivi una laki mbili tu, nakushauri kwa moyo mmoja usishushe kwanza, badili bushi zilizokufa na ufanye alaimenti, gari itakaa barabarani tofauti kabisa, pengo la madigadi litasubiri.

Kuhusu ishushwe kiasi gani, sentimita tatu kwa Dar zinatosha. Japani kwenyewe kwenye barabara zao zile, ukaguzi wa gari unataka chini kubaki na nafasi isiyopungua sentimita 9. Sisi tuna matuta ambayo kila mtaa unajenga kwa kimo chake, na masika yakifika Jangwani kunajaa maji. Yangu imeshuka tatu mbele na mbili na nusu nyuma, matuta mengi napita bila kukwaruza ekzosi, yale marefu napita kwa pembeni tairi moja moja. Kila Jumapili nalala uvunguni na tochi naangalia upande wa ndani wa tairi zote nne, dakika kumi hazifiki. Na taa za mbele zilirekebishwa tena baada ya kushusha, hilo wengi tunalisahau, mwanga unabadilika.

Ombi langu, Mhariri, gazeti lako linasomwa sana kwenye magereji, naona mafundi wanalifungua wakati wa chai. Tunaomba hata nusu ukurasa kwa wiki wa mambo ya ufundi wa magari kwa Kiswahili, uandikwe na wanaojua. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao tayari wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, tunaomba waweke na somo fupi la springi, shokapu na alaimenti, maana hawa mafundi wetu wana mikono mizuri sana, wengi hawajawahi kuelezwa tu. Yule aliyenikatia nilirudi kwake na tairi iliyopasuka, sikwenda kugombana, nilimwonyesha zile waya. Alizishika muda mrefu. Akaniambia ameshakata gari nyingi sana na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudia na tairi.

Zile springi nne zilizokatwa bado ninazo nyumbani pamoja na kile kikalio kilichochimbwa. Mwalimu yeyote au fundi mwenye vijana anaotaka kuwaonyesha, awasiliane nami kupitia ofisi yako, nitampelekea mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye Altezza ya bluu,
Mbagala, Dar es Salaam