Maandalio ya somo tunamwandikia nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana kila zikitoka ajira mpya utasikia maneno yale yale, walimu wa siku hizi hawajui kuandaa somo, wanategemea madesa ya kwenye simu. Mi ni mmoja wa hao wa ajira mpya, nafundisha Hisabati shule ya msingi, na nusu ya hayo maneno nayakubali ila sababu yake sio uvivu.

Chuoni tulifundishwa andalio, ule mpango wa kipindi unaoandikwa kabla ya kufundisha, tena kwa kirefu. Walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana wangapi wasichana wangapi, umahiri mkuu, umahiri mahususi, zana, rejea, alafu lile jedwali lenye hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi na vigezo vya upimaji. Kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha tukiwa bado chuoni, mkufunzi akija kukukagua anaangalia kama kila kisanduku kina kitu, kwa hiyo unachojifunza pale ni kujaza. Mtoto atakosea wapi, hilo hakuna aliyeniuliza.

Sasa fika kituoni. Darasa lina watoto mia na kitu, kipindi dakika 40, vipindi vya wiki vimepita ishirini na kila kimoja kinadai andalio lake, unakesha na kalamu unanakili "kuwaongoza wanafunzi kujadili katika makundi", makundi gani na madawati yamebanana hivo? Ndo hapo watu wanaingia kwenye magrupu ya WhatsApp wananunua maandalio ya mwaka mzima, wanabadili jina la shule na tarehe, wanaprinti. Na mengine yanakuja na tathmini imeshajazwa kabisa, somo limeeleweka kwa asilimia 85, somo ambalo halijafundishwa bado jamani!

Aliyenifundisha kuandaa somo ni mwalimu mmoja mama anayekaribia kustaafu, tunakaa naye ofisi moja. Alinambia mwanangu anza chini upande juu, andika kwanza swali utakalowapa mwisho wa kipindi, alafu andika jibu la makosa ambalo wengi watakuletea. Nilikuwa naandaa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini hazilingani, swali nusu jumlisha theluthi, akasema hapa watakupa mbili ya tano, watajumlisha kiasi kwa kiasi, zile namba za juu, na asili kwa asili, haya utawaonyeshaje kwamba haiwezekani? Tukachukua vipande vya karatasi vinavyolingana, kimoja tukakikunja kikatoa sehemu mbili sawa, kingine tatu, kingine tano, mtoto akiviweka sambamba anajionea mwenyewe kwamba mbili ya tano ni ndogo hata kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Zana zikapatikana hapo hapo bure, vigezo vya upimaji vikajiandika, yaani fomu yote ikajaa na mi sijaifikiria.

Na kwenye tathmini alinikataza asilimia. Andika nani kakwama na kakwama wapi, kesho utangulizi wako unaanzia hapo.

Ombi langu kwa wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, ni hili, mkifika shuleni msianze na kuhesabu maandalio na saini za mwalimu wa taaluma. Chukueni andalio la jana, mwulizeni mwalimu watoto walikosea wapi na leo kabadilisha nini. Aliyenunua atakwama hapo hapo, na aliyeandika kwa mkono bila kufikiri naye atakwama.

Vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, navyo vipo, mwalimu mpya awekwe na mkongwe waandae pamoja mada moja ngumu kila wiki, sehemu, au kugawanya kwa njia ndefu, kwa urefu wote unaotakiwa. Hivyo vipindi vingine turuhusiwe nusu ukurasa tu, swali la mwisho, kosa linalotegemewa na zana, maana kurasa tunazokesha nazo sasa hivi mwanafunzi hazimfikii.

Mwalimu wa ajira mpya,
Tabora