Mjane anayeulizwa

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa vitabu ulizicheka riwaya za mapenzi zinazohusu Waamishi wa Marekani, wale Wakristo wa mashambani walioshika maisha ya kizamani, riwaya ambazo kila jalada lina binti mwenye kofia nyeupe, na nyuma yake shamba la mahindi na kigari cha farasi. Mwandishi wenu anasema ukisoma moja umezimaliza zote: mjane, mgane, watoto wasio na mama, harusi. Sawa. Hata mimi hucheka, hasa nikikuta mgane ni seremala, maana katika vitabu vile karibu kila mgane ni seremala, tena mrefu. Ila yapo aliyoyakosea, na lipo moja ambalo hakuliona kabisa.

Mimi ni wa Rorya, nimelelewa katika Kanisa la Mennonite. Wamisionari walioanza kazi Shirati, hapa kwetu Rorya, mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster, Pennsylvania, kulekule ambako visa vya riwaya nyingi za aina hii hutokea. Wamennonite na Waamishi ni watoto wa boma moja waliogombana. Mwaka 1693, huko Uswisi na Alsace, mzee wa kanisa Jakob Ammann alishikilia kwamba mshirika aliyetengwa aepukwe hata mezani. Wenzake wakaona amezidi, wakaachana. Kwa hiyo nikisoma habari za kuoshana miguu au kitambaa cha kichwani sijihisi mgeni sana.

Mwandishi wenu amemlaumu mwanamke wa kitabu alichosoma kwa kumvumilia mume mkorofi mpaka alipokufa, ndipo akapenda tena. Anauliza kwa nini hakuondoka mapema. Waamishi hawana talaka. Anayemwacha mwenzake na kufunga ndoa nyingine huku mwenzake yu hai, hutengwa. Basi mtunzi anayetaka kumpa mtu wake nafasi ya pili ya kupenda hana njia nyingi. Moja ni kaburi. Nyingine ni mpenzi wa ujanani aliyekwenda mjini kisha akarudi, na hapo kila kitu kinategemea jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: ubatizo. Waamishi hawabatizi watoto wachanga. Kijana huamua mwenyewe, wengi wakiwa na miaka kama 18 hadi 22, na haolewi wala haoi kanisani kabla ya kubatizwa. Aliyeondoka kabla ya hapo hakuvunja ahadi yoyote. Akirudi anavuta kiti na kula na wenzake. Aliyeondoka baada ya kubatizwa anaweza kuwekewa meza ya peke yake nyumbani kwa mama yake mzazi, mpaka atubu mbele ya kanisa. Mtunzi asiyejua tofauti hiyo humliza msomaji sura kumi bila sababu.

Wala si kweli, kama anavyosema mwandishi wenu, kwamba wanakataa kila mashine. Kila ushirika hujiamulia. Wako wenye simu kibandani nje ya nyumba, na maseremala (hao hao) wanaoendesha mashine zao kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Hilo tuliache.

Mimi nilifiwa na mume nikiwa na miaka 31. Kaburi halijakauka, wazee walikuwa wamekwisha kukaa kumjadili jater, shemeji wa kunirithi. Kanisa lilinitetea, Mungu awabariki, lakini nalo lilikuwa limeshanipangia langu: nibaki mjane mwema, nisimamie kwaya. Pande zote mbili zilinijadili nikiwa jikoni ninawachemshia chai.

Kitabu changu cha kwanza cha Waamishi nilikiokota kwenye boksi la vitabu vya msaada, jalada limechanika. Mgane alifika, akatengeneza uzio uliolala, akanywa kahawa, kisha akamwuliza mjane kama atakubali kuolewa naye. Mjane akasema hapana. Nilirudia ukurasa ule nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Hakikuitishwa kikao. Alfajiri iliyofuata mama yule alikamua ng'ombe wake kama kawaida, na mgane akaendelea kumsalimia njiani.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza ujasiri ule unatoka wapi, na siku hizi nadhani unatoka kwenye mahindi. Mwamishi akifa, majirani huchimba kaburi kwa mikono, hupika, huwakamulia wafiwa ng'ombe, na msimu ukifika huwavunia. Ushirika mmoja ni familia kama 20 hadi 40, wanaosali majumbani kwa zamu, kwa hiyo ni vigumu mtu kujificha na shida yake. Bili kubwa ya hospitali huchangiwa na kanisa. Hata serikali ya Marekani, mwaka 1965, iliwaruhusu wale waliojiajiri wasichangie mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa kanisa lao limezoea kutunza wategemezi wake. Mjane aliyevuniwa mahindi anaweza kumwambia mwanamume hapana. Mwenye ada za watoto watatu shingoni husema ndiyo, nasi tunampigia vigelegele.

Hapa ndipo ninapokutana na mwandishi wenu, ingawa tumekuja kwa njia tofauti. Wengi wa watunzi wa riwaya hizi si Waamishi. Ni walokole wa nje, na uponyaji wanaujua kwa umbo la ushuhuda: nilikuwa gizani, nikakutana na mtu, nikapona. Wale majirani wenye mapanga na ndoo za maziwa wanabaki kama picha ya ukutani, na kazi yao yote anapewa seremala mmoja mrefu. Mjane aliyelia sura ya kwanza amepona kufikia mavuno. Mimi baada ya mavuno ya kwanza nilikuwa bado nakosea na kupakua sahani ya marehemu.

Oktoba 2, 2006, mwanamume aliingia katika shule ya Waamishi ya Nickel Mines, hukohuko Lancaster, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, naye akajiua. Siku ileile majirani wa Kiamishi walikwenda kuwapa pole ndugu za muuaji, na siku ya kumzika walijaa makaburini. Baadaye mama mzazi wa muuaji akawa anakwenda kila wiki kwa msichana mmoja aliyebaki na ulemavu mkubwa, kumwogesha, kumsomea na kumwimbia. Alifanya hivyo kwa miaka. Mimi bado sijakutana na riwaya ya mapenzi iliyothubutu kufuata uponyaji wa mwendo huo, ambao hauna harusi mbele yake.

Mimi niliolewa tena nikiwa na miaka 44, na mtu niliyemkataa mara mbili. Ni fundi baiskeli, mfupi. Mara zote mbili aliondoka bila kununa, na mara ya pili alinijazia upepo gurudumu la mbele kabla ya kwenda.

Kama mwandishi wenu hana haja tena na kitabu kile alichokicheka, akiache hapo mapokezini. Kijana wangu anapita mjini kila Ijumaa, atakichukua. Sijakisoma.

Mjane wa zamani,
Rorya, Mara