YAH: Malalamiko kuhusu kifusi mlichotuuzia, ripoti ya sampuli, na kitendo cha afisa wenu mbele ya wazazi

Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu imenifikia na nimeisoma kwa utulivu kadiri nilivyoweza. Mnasema mimi niliandika kwamba ukutani mwa maabara ya shule yetu, iliyojengwa juu ya kifusi chenu, zimeota fuwele za kijani, lakini fundi sanifu wenu amepokea unga mweupe; kwa hiyo maelezo ya mlalamikaji hayaaminiki na jalada limefungwa. Naomba jalada hilo lifunguliwe. Unga mweupe mlioupokea ndizo fuwele za kijani nilizowaandikia, na aliyezigeuza kuwa unga ni afisa wenu.

Madini yale yanaitwa melanteraiti. Ni salfeti ya chuma iliyoshika maji, molekuli saba za maji kwa kila moja ya salfeti ya chuma, kiasi kwamba ukiyapima kwa mizani karibu asilimia 45 ya uzito wake ni maji. Yakiwa mabichi ni ya kijani na yanang'aa kama kioo, na yakichanganyika na shaba huelekea buluu. Ni laini, ukucha unayakwaruza. Yanayeyuka majini mara moja. Na hayavumilii hewa kavu: kwenye joto la nyuzi 20, unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60 hivi, yanaanza kuachia maji. Kutoka saba yanabaki manne, rangi inapotea, fuwele inamomonyoka, unabaki na unga mweupe uitwao rozenaiti. Ukiendelea kukauka hubaki na molekuli moja tu ya maji, nayo ni zomolnokaiti, iliyopewa jina la machimbo ya Smolník huko Slovakia. Joto likipita nyuzi 57 maji yale saba hayakai tena, hata hewa iwe na unyevu kiasi gani.

Sasa afisa wenu alifanya nini? Aliitia sampuli kwenye bahasha ya karatasi, ile ya khaki, akaitupa juu ya dashibodi ya gari, akafunga vioo, gari likakaa juani mbele ya ofisi ya kijiji mpaka alipomaliza chakula chake. Nilimfuata nikamwambia kwa heshima kwamba sampuli hiyo haisafirishwi hivyo, inataka chupa iliyozibwa na mahali pa baridi. Hakushusha hata kioo kunijibu. Kisha ninyi, wenye maabara na wenye utaratibu wa kupokea sampuli ambao mnaujua kuliko mimi, mkapokea bahasha ya karatasi na kuandika kwamba mwalimu amedanganya.

Na hiyo bahasha ilikuwa na mabaki tu. Sampuli yenyewe aliimwaga chini.

Hili ndilo linaloniuma, nami nitalieleza kama lilivyokuwa. Kikao cha wazazi kilikuwa kimekaa. Nilikuwa nimeleta fuwele kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, ndani nimeweka pamba yenye unyevu ili zisikauke. Nilimkabidhi mkononi. Akafungua mfuniko, akazimimina kiganjani, akazitazama, akacheka, akasema: "Mwalimu, hii umeinunua kwenye duka la kemikali ukaja kuipaka ukutani." Halafu akageuza kiganja, zikaanguka mavumbini, akazikanyaga kwa buti. Binti mmoja wa kidato cha pili akainama kuziokota. Afisa akamwambia: "Acha uchafu huo, mwalimu wako ni mwongo."

Meneja, nimefundisha kemia katika kata hii miaka mingi. Wazazi waliokuwa pale, baadhi yao niliwafundisha wao wenyewe.

Kuhusu dai la kununua kemikali: maabara hiyo haijawahi kufunguliwa, haina hata kabati. Na kitu kilichopakwa ukutani ukikifuta kimekwisha. Hizi nimezifuta, zimerudi. Zimefutwa na walinzi, zimerudi. Zinatoka kwenye ungio la jamvi, yaani zege la sakafu, na msingi kwa nyuzi nyembamba zilizopinda, zinasukumwa kutoka chini, mahali penye kivuli na unyevu upande wa nyuma. Upande wa mbele unaopigwa na jua utakuta ukoko mweupe. Pembeni kidogo mwa huo utakuta njano, na mahali maji yanapochuruzika ni rangi ya kutu. Hakuna duka la kemikali linalouza ukuta wa namna hiyo. Zote ni hatua za kitu kimoja: salfeti ya chuma ikiwa na maji yake ni kijani, ikikauka ni nyeupe, na chuma chake kikiendelea kuoksidika kinatoa chumvi za njano kama kopiapaiti na jarosaiti, na mwisho kutu ya kahawia.

Chanzo chake mnakijua, kwa sababu kimeandikwa kwenye hati zenu za kupokelea mzigo: "mawe ya mgodi". Sisi tuliagiza kifusi cha moramu. Fundi wetu alipouliza kwa nini mawe yanameta, dereva wenu alisema yana nguvu zaidi. Mchimbaji yeyote wa kanda hii ya ziwa anaijua ile inayometa isiyokuwa dhahabu. Ni pairaiti, chuma na salfa. Ikiwa imefungiwa chini ya ardhi haina neno. Ukiivunja kwa karasha, ukaimwaga kama kifusi, ukaipatia hewa na unyevu, inaanza kuliwa. Oksijeni na maji vinaigeuza kuwa salfeti ya chuma na asidi ya salfuriki kwa pamoja. Salfeti ndiyo inayopanda ukutani na kuganda kijani, na asidi inabaki chini ikifanya kazi yake. Baadaye chuma kikioksidika zaidi nacho kinageuka kuishambulia pairaiti iliyobaki, na wapo bakteria wanaoishi kwa kuiharakisha hatua hiyo. Kazi ikishaanza haisimami kwa kupiga plasta, kama afisa wenu alivyotushauri.

Asidi hiyo inapokutana na chokaa iliyomo kwenye mawe au kwenye zege inatengeneza jasi, na jasi inahitaji nafasi karibu mara mbili ya ile iliyokuwa ya mawe ya chokaa. Nafasi hiyo inaitafuta juu. Ndiyo maana jamvi la maabara limevimba katikati, mlango hautaki kufunga, na ufa umepanda kutoka sakafuni hadi dirishani. Mkandarasi wenu alisema udongo umeshuka. Kama udongo ungeshuka sakafu isingenyanyuka! Jambo hili halikugunduliwa kijijini kwetu. Ireland, kuanzia mwaka 2007, wenye nyumba katika eneo la Dublin waligundua kwamba kifusi chenye pairaiti kimewanyanyulia sakafu na kuwapasulia kuta, mpaka serikali yao ikatunga sheria mwaka 2013 ya kuzitengeneza nyumba hizo, na dawa iliyotumika ilikuwa kung'oa sakafu na kutoa kifusi chote. Kampuni inayouza kifusi kwa ajili ya majengo ya umma haiwezi kusema haikupata habari.

Narudi kwenye barua yenu, kwenye ile aya ya tatu. Mnaandika kwamba hata kama ni salfeti ya chuma, "haina madhara, kwani hutolewa kwa wajawazito kliniki". Nimeisoma aya hiyo nikatetemeka. Ni kweli vidonge vya kuongeza damu huwa na salfeti ya chuma, iliyosafishwa, iliyopimwa kwa miligramu, ikatolewa na muuguzi. Na vidonge hivyo hivyo mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua. Melanteraiti inayoota kwenye mawe ya mgodi haikusafishwa na mtu. Ndani ya fuwele zake shaba na zinki huchukua nafasi ya chuma, na chochote kingine kilichokuwa kwenye mawe yale kinaweza kushuka pamoja na maji yake. Tayari tumewakuta watoto wa shule ya msingi jirani wanazilamba wakidhani ni shabu. Mnataka niwaambie wazazi wao kwamba kampuni imesema ni dawa?

Tena wakati wa kiangazi madini haya yanajilimbikiza tu ukutani na kwenye mfereji. Mvua za vuli zikinyesha mara ya kwanza, ukoko wote unayeyuka kwa mkupuo na asidi na metali zake zinashuka pamoja. Kisima cha shule kiko chini ya mteremko. Dimbwi la nyuma ya maabara nimelipima kwa karatasi ya litmasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ikawa nyekundu, dalili ya asidi. Katika mgodi wa zamani wa Iron Mountain, California, ambako chumvi za jamaa hii zimeota kwenye kuta za mashimo, wataalamu walipima maji yenye pH ya hasi 3.6; pH ni kipimo cha asidi, na kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Sisemi kwetu tumefika huko. Nasema ni mmenyuko uleule, na ninyi mmeuleta kwa tripu, mkaulipwa.

Mlilipwa kwa michango ya watu. Pale kwenye kikao alikuwepo bibi mmoja aliyeuza mbuzi wake ili mjukuu wake asome sayansi kwenye maabara hiyo. Alikaa mstari wa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi afisa wenu alipofungua chupa yangu. Aliona jinsi alivyozimimina kiganjani kama mtu anayemwaga makapi. Alimsikia akisema nimenunua dukani. Aliliona buti likizisaga, na yule binti akirudisha mkono wake haraka usikanyagwe. Maana hilo sikuliandika hapo juu: mkono wa mtoto ulikuwa pale chini. Nilipomwambia afisa aangalie mkono wa mtoto, alijibu, akiwatazama wazazi na si mimi: "Mnaona? Mwalimu mwongo na wanafunzi wake." Kisha kilichobaki kwenye chupa akakigongea ndani ya bahasha, akanirudishia chupa tupu. Bibi yule akasimama akauliza, "Mwanangu, huyu ndiye mwalimu wetu, unamwita hivyo mbele yetu?" Hakumjibu. Mtu mzima anasimama kukuuliza, unampa mgongo na kwenda kuwasha gari.

Mnayo kanuni ya maadili kwa watumishi wanaokwenda kwa wateja, imebandikwa kwenye ofisi zenu. Sina haja ya kuwasomea.

Ninachodai. Kwanza, ripoti ile ifutwe kwa maandishi, na sampuli mpya ichukuliwe mbele ya kamati ya ujenzi, kwenye chupa zilizozibwa, ipelekwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania kwa gharama zenu. Kifusi nacho kipimwe kiasi chake cha pairaiti, wala si ukoko wa juu peke yake. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mtoe kifusi na kurudisha fedha. Sasa nikiangalia ufa ule naona haitoshi. Jamvi livunjwe, kifusi chote kitolewe na kipelekwe mahali panaporuhusiwa kisheria, si kumwagwa mtoni. Kiwekwe kifusi safi chenye cheti cha upimaji. Na maabara ijengwe upya mpaka kiwango ilichokuwa nacho kabla ya sakafu kuvimba. Kisima kipimwe, na mpaka majibu yatoke mlete maji ya kunywa ya wanafunzi.

Na afisa yule aje. Asitumwe mwingine wala isije barua. Aje kwenye kikao cha wazazi, pale pale, amwombe radhi yule binti kwanza, kisha yule bibi. Mimi nitakuwa wa mwisho.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila kazi kuanza, kamati imeshaniagiza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tume ya Madini nayo tutaiuliza ni nani aliyeruhusu mawe ya mgodi kuuzwa kama kifusi cha shule. Hati zenu za mzigo tunazo, picha tunazo, na mashahidi wa kikao wamekwisha kuandika majina yao na kuweka dole gumba. Najua pia kwamba kifusi hicho hicho mmekipeleka kwenye ujenzi wa zahanati ya kata jirani. Nimewaandikia nao, na nimewaeleza waangalie upande wenye kivuli.

Wenu katika kudai haki,

Mwalimu wa Kemia,
Katibu wa Kamati ya Ujenzi wa Maabara

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Bodi ya Shule, Mwenyekiti wa Kijiji