Usingoje Kiti Kiwe Wazi

Kwako mwandani wangu,

Salamu nyingi. Juzi kwenye simu nilikujibu kwa mkato, nisamehe, nilikuwa na watu. Hongera kwa kuingia kwenye bodi. Na pole, maana umeingia mwaka ambao mkataba wa mkurugenzi mtendaji unakwisha.

Uliniuliza tangazo la nafasi litoke lini. Kabla ya hilo: leo akiugua ghafla, kesho asubuhi nani anaidhinisha malipo? Kama hakuna jina lililoandikwa mahali, anzeni hapo. Shirika la Afya Duniani liliyaona haya Mei 22, 2006. Siku mkutano wao mkuu unafunguliwa Geneva, Mkurugenzi Mkuu, Lee Jong-wook, akafariki. Anders Nordström, mmoja wa wasaidizi wake, akakaimu. Novemba wakamchagua Margaret Chan, na Januari 2007 akaingia ofisini. Msiba haukutoa notisi, lakini kazi ya kaimu ilikuwa na mwisho.

Sisi tuliyaona mengine. Nilipokuwa katibu wa bodi, mkuu wetu aliondolewa Ijumaa, Jumatatu tukaletewa kaimu, "wa muda tu." Alikaimu miaka miwili. Muhuri wake ulisagika hadi neno "Kaimu" likawa halisomeki, ikabidi tuchonge mwingine. Ofisi ya mkuu hakuihamia. Alikuwa anaingia kuchukua faili na kutoka. Mkataba wa mfumo wa mishahara ukalala mezani kwake. Kila nikimkumbusha: "Tumsubiri mwenyewe."

Nilimlaumu sana wakati ule. Sasa namwelewa. Na yeye alikuwa ameiomba nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo kila saini ilikuwa kama swali la usaili. Akimkatalia mkuu wa idara, kajiongezea adui. Akikubali, watasema ananunua watu. Basi akawa hafanyi lolote. Ninyi mkilazimika kuweka kaimu, barua yake iwe na tarehe ya mwisho, na isemwe wazi kama naye anaruhusiwa kuomba.

Kuhusu kuandaa warithi, mkurugenzi wenu awakuze watu, hiyo ni kazi yake, ila asichague. Wawe wawili watatu, wapewe mambo mazito: mmoja abebe bajeti, mwingine akajibu hoja za wakaguzi, kisha mbadilishe. Akijulikana mmoja tu, mtakuwa na wakurugenzi wawili ndani ya jengo moja, na wafanyakazi wataanza kupanga foleni kwenye mlango wa yule mdogo.

Usaili wenyewe sina wasiwasi nao, mtauendesha vizuri. Angalieni hatua ya mwisho. Mkipeleka kwa waziri majina matatu bila alama na sababu kwenye muhtasari, msishangae likirudi la nne.

Jambo moja limenikera kidogo. Umesema sifa za mwombaji mmezinakili kutoka tangazo la safari iliyopita. Hizo zilimwelezea mtu mliyemtaka wakati ule! Kaeni nusu siku mwulizane taasisi inakwenda wapi miaka mitano ijayo, ndipo muandike. Rasimu nitumie kabla haijapita kwenye bodi. Na kama bado ina ule mstari wa "awe na uwezo wa kutumia kompyuta," ufute kabla sijauona.

Ni mimi,
mwandani wako