Ile harufu ya samaki haikutoka jikoni

Ndugu Mhariri,

Nyumba ikiungua hapa Dodoma, habari huishia kwa maneno yaleyale: chanzo kinadhaniwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Mtaani tunafupisha zaidi, tunasema "shoti", na ukishasema shoti hakuna anayeuliza swali jingine. Naomba nafasi katika gazeti lako niulize, kwa sababu ufupisho huo nusura uniunguzie nyumba.

Nina nyumba ya kupangisha Nkuhungu, vyumba sita na uwa mmoja. Julai iliyopita, wakati wa ule upepo wetu wa baridi unaopasua midomo, mpangaji mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba jirani yake anakaanga samaki alfajiri. Jirani akaapa kuwa ndani hana hata dagaa. Harufu ikaendelea siku tatu, kila watu walipokuwa wakichemsha maji ya kuoga. Siku ya nne soketi ikaota doa la kahawia, na birika lilipochomolewa mguu mmoja wa plagi ulikuwa wa moto kiasi cha kuunguza kidole. Muda wote huo breka, ile swichi inayojizima yenyewe mkondo wa umeme ukizidi, haikuruka hata mara moja, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba breka ndiyo mlinzi wa nyumba.

Fundi niliyemwita alizima meni swichi, akafungua soketi, akaniambia, "Mama, sogea uone." Akaushika waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, kwa vidole viwili, ukatoka wenyewe. Skrubu ilikuwa imeng'ata ganda la waya, na shaba ilikuwa inagusa temino, kile kishikio cha waya ndani ya soketi, kwa ncha tu.

Alinieleza vizuri kuliko ninavyoweza kuandika. Shoti ni waya wa moto kukutana na nyutro: mkondo unapanda ghafla, breka inaruka. Waya uliolegea hauna fujo hiyo. Birika la wati 2,000 katika umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampia 9, na breka ikiziona hizo 9 inaridhika, haijui skrubu imekaza au haijakaza. Ila pale shaba inapogusa kidogo pana ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida. Ukiwa nusu omu tu, panazaliwa joto la karibu wati 40, sawa na kile kifaa cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, nalo limefungiwa ndani ya plastiki ukutani. Birika likizimwa panapoa, likiwashwa panapata moto tena. Shaba inatanuka na kusinyaa, inaingia weusi, ukinzani unazidi. Plastiki ya soketi ikianza kuungua, ndipo inapotoa harufu ya samaki.

Aliyefunga umeme ile nyumba simtaji, na simlaumu peke yake. Nilimlipa kwa pointi, kama tunavyolipa wote: taa pointi, swichi pointi, soketi pointi. Anayelipwa hivyo anakimbilia pointi inayofuata, na katika hesabu hiyo kukaza hakuna bei. Halafu nakumbuka chombo alichokuwa nacho mkononi siku zote mbili: testa, kale kabisibisi kembamba kenye taa. Kametengenezwa kuonyesha kama umeme upo. Ukikatumia kukazia skrubu kanapinda au kanateleza, na fundi anaridhika mapema.

Mwenyewe nilidhani kukaza ni nguvu tu, kama kufunga dumu la mafuta. Kumbe ukizidisha unakata nyuzi za waya au kuua meno ya skrubu, na kesho yake palepale pamelegea. Breka nzuri huja na kipimo chake cha kukazia, kimeandikwa kwa herufi Nm, na kuna bisibisi maalumu inayolia kikifikiwa. Kwenye soketi yangu fundi alimenya ganda upya, akaikunja shaba mara mbili ili skrubu ipate cha kubana, akakaza, kisha akauvuta waya kwa nguvu. Haukutoka.

Wenzetu Uingereza, tangu Januari 2016, kanuni zao zinataka sanduku la breka la nyumbani liwe la kitu kisichoshika moto, kama chuma. Walichoka na moto unaoanzia kwenye waya uliolegea na kuyala masanduku ya plastiki. Hapa bado tunanunua ya plastiki na kuyafunga juu ya mlango wa mbao.

Mji huu umejaa nyumba mpya tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa. Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, kote wapangaji wanakuja na hita na majiko ya umeme, na Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi naunga mkono, mkaa umetumaliza. Lakini taa ya wati 10 inaweza kukaa miaka kwenye skrubu iliyolegea bila kuisema. Jiko la maharage la saa mbili litaisema. Wenye nyumba wenzangu, mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mlipeni siku nzima ya kukaza tu, kuanzia meni swichi hadi soketi ya mwisho. Mita na lakiri yake asiziguse, hizo ni za TANESCO.

Kwangu zilikuwa soketi kumi na nane. Saba waya ulitoka kwa kuvutwa. Alipomaliza fundi alikuna kichwa, hajui anitoze vipi, maana hakukuwa na pointi mpya hata moja. Tukaelewana kwa elfu hamsini na chakula cha mchana.

Mama mwenye nyumba,
Nkuhungu, Dodoma